Nilikata jina lake, nikasema ninajilinda

Mwaka juzi niliwekewa mezani orodha ya watu wanne wa kwenda Shinyanga, wiki tatu, kukagua hesabu za kiwanda cha kuchambua pamba. Jina la tatu lilikuwa la binti mwenye miezi minane tu ofisini kwetu, mwepesi kuliko wenzake wote kuona mahali ambapo namba imefichwa. Nilichukua kalamu nikalikata. Pembeni nikaandika jina la kijana wa kiume aliyeajiriwa baada yake. Hakuna aliyeniuliza, na kama ningeulizwa jibu nilikuwa nalo: ninajilinda.

Wiki sita kabla ya hapo ofisi ilikuwa imetikisika. Mwenzetu mmoja, aliyenizidi cheo, alilalamikiwa na msichana aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi. Wakiwa safarini mkoani, alikuwa akimgongea mlango wa chumba cha gesti usiku, eti wamalizie karatasi za kazi. Msichana alipokataa kufungua, kuanzia asubuhi yake kila alichoandika kilirudishwa kuwa kibovu. Uongozi ulisikiliza pande zote na yule bwana akaondoka. Siku hiyo kwenye chai ya saa nne wanaume tulikaa meza moja. Mmoja akasema, "Siku hizi ukikaa karibu na mwanamke umekalia pipa la petroli." Tukaitikia. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyeuliza yule msichana anaendeleaje.

Kuna jambo limenichukua muda mrefu kulisema. Habari ya mlango wa gesti sikuijua, lakini tabia ya yule bwana niliijua miaka mingi. Nilimsikia akiwaita mabinti wa mafunzo "mchumba". Niliona mkono wake unavyokawia begani kwa mtu. Niliona mabinti wanavyosogeza viti. Nilicheka pamoja na wengine na nikaendelea na kazi zangu, na katika miaka yote hiyo sikuogopa chochote. Woga ulinianza siku aliposhtakiwa. Nilichokuwa nakiogopa ni malalamiko. Unyanyasaji wenyewe nilikuwa nimeshauzoea.

Timu iliporudi kutoka Shinyanga, yule binti alinifuata. "Kaka, samahani, naomba nikuulize. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia hakuna kosa, ni mpangilio tu wa kazi. Akasema, "Sawa kaka," akarudi mezani kwake.

Asiyefanya kazi yetu anaweza kudhani amekosa safari tu. Ukaguzi huwezi kujifunza ukiwa umekaa Dar es Salaam na kompyuta. Unajifunza stoo ya mteja, unapohesabu marobota na mtunza stoo anakuhimiza kwamba hesabu imeshakamilika, nawe unajisikia vibaya kuomba ya nyuma yashushwe. Unajifunza jioni, mnaposubiri wali na samaki, mkubwa wako anapokueleza kwa nini ile hati ya malipo ya mchana ilimtia shaka. Mimi nilitengenezwa na jioni za namna hiyo. Mzee aliyenilea kikazi hakuwahi kunifundisha darasani. Alinifundisha kwenye gari kati ya Singida na Nzega. Tena kuna posho ya kujikimu, ambayo kwa mtu wa ngazi ya chini ndiyo kodi ya nyumba. Halafu kuna faili: wakati wa kupandisha vyeo, swali la kwanza ni amewahi kukagua nini na wapi. Vyote hivyo nilivikata kwa mstari mmoja wa kalamu, na aliyelipa ni mtu ambaye hakulalamika wala kulalamikiwa.

Siko peke yangu. Marekani, miaka miwili baada ya wanawake wengi kujitokeza mwaka 2017 kusema waliyotendewa na wakubwa wao, utafiti wa shirika la Lean In wa mwaka 2019 ulikuta mameneja wanaume 6 kati ya 10 wakisema hawajisikii huru kufanya na mwanamke mambo ya kawaida ya kazi, kama kumlea kikazi au kukaa naye wawili kwenye kikao. Huku kwetu hatukuhitaji utafiti. Mezani kwetu pale kwenye chai tulikuwa wanaume saba, na ndani ya miezi miwili wote saba tulikuwa tumepanga safari za wanaume watupu.

Mama wa masijala, ambaye sasa amestaafu, ndiye aliyenifumbua macho. Nilikwenda kumpa shikamoo na kumsimulia, nikitegemea anipe pole kwa wakati mgumu tulio nao wanaume. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunaambizana." Binti mpya akiingia ofisini, wakubwa zake wa kike walimchorea ramani: kwa fulani peleka faili asubuhi, jioni usiende; kwa fulani usikubali lifti; fulani huyu hana shida, mwamini. Yeye mwenyewe alivaa pete ya ndoa miaka minne kabla hajaolewa. "Tulijilinda," akasema, "na kazi tulifanya."

Hilo neno lilinikaa. Wanawake wamejilinda ofisini tangu walipoanza kuajiriwa, na kinga yao imewagharimu wao wenyewe. Sisi tulipoguswa mara moja tu, bili ya kinga yetu tuliwaandikia wao.

Utetezi ninaousikia mara nyingi kwa wanaume wenzangu ni utani. Kwamba sisi ni watu wa utani, na sasa kila neno linageuzwa kesi. Mimi ni Mpare, nimekulia kwenye utani. Mchaga akiniita bahili, namuuliza kama leo ameshahesabu hela zake, na tunacheka wote. Mngoni na Mhehe wanaambiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ni ugomvi. Lakini utani una sharti ambalo hatulitaji kwa sababu kila mtu analijua: lazima mwenzako aweze kurudisha. Mtani anakurushia neno, unamrushia zito zaidi, na hakuna anayelala na deni. Sasa bosi anapomwita binti wa mafunzo "mke mdogo" mbele ya watu, binti arudishe nini? Jibu lake lina bei, na bei hiyo ni ripoti itakayosainiwa na huyo huyo bosi. Anatabasamu, kisha tunasema ameupenda utani.

Kwa kipimo hicho mambo mengi ambayo wanaume tunasema hayaeleweki yanaeleweka vizuri. Mwaka 2023 BBC ilipoonyesha hali ya mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, wanawake zaidi ya 70 walieleza walivyonyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Pale msimamizi ndiye anayeamua nani apate kazi na nani apewe kazi nyepesi. Wanawake wale hawakuwa wamechanganya salamu na unyanyasaji.

Sheria zetu nazo si geni. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilicholetwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinahesabu kuwa kosa bughudha ya kingono hata ya maneno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauweka unyanyasaji wa mfanyakazi kwenye kundi la ubaguzi. Kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007 kinamgusa mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au cheo. Kenya, sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe tamko la maandishi la kuzuia unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana na wafanyakazi. Hilo la kushauriana nalitamani sana hapa kwetu, kwa sababu ofisini kwetu karatasi ilikuwepo, imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mikutano, na hatukuwahi kukaa hata saa moja kuizungumza.

Je, mwanaume hawezi kusingiziwa? Anaweza, na jina likishachafuka kulisafisha ni kazi. Siidharau hofu hiyo, nimelala nayo. Lakini mkaguzi anaweza pia kusingiziwa kula masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa kwa safari ya kazi. Kwa hilo hatukuacha kusafiri. Tuliweka risiti, sahihi mbili, na mtu wa pili wa kuhakiki marejesho. Kazi yetu yote imesimama juu ya wazo hilo, kwamba mahali penye hatari unaweka udhibiti na shughuli inaendelea. Nashangaa kwamba mimi, niliyewaandikia wateja mapendekezo ya udhibiti kwa miaka kumi na tano, sikuliona hilo lilipokuja suala la watu.

Aliyeliona alikuwa chumba cha pili kutoka changu. Ni mzee wa Kiislamu, mtu wa msikitini, ambaye dini yake haimruhusu kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake, yaani asiye mkewe wala ndugu wa karibu. Nilidhani mtu kama huyo ndiye angekuwa wa kwanza kuwakwepa. Kumbe ukihesabu wakaguzi wa kike waliopanda vyeo ofisini kwetu, wengi wamepita mikononi mwake. Mlango wake uko wazi akiongea na yeyote, mwanamke au mwanaume. Safarini wanakula pamoja timu nzima, ukumbini. Kazi ikibaki usiku, inafanyika mapokezi kwenye meza yenye taa, au inasubiri asubuhi. Hapigi simu ya kazi baada ya saa tatu. Nilimuuliza anawezaje. Akashangaa swali. "Mlango nauacha wazi," akasema, "ili nao waingie."

Tumeanza kufanya anavyofanya yeye. Safari zinapangwa kwa zamu, na anayetaka kubadilisha jina anaandika sababu na mtu wa pili anaisoma. Sababu yangu ya Shinyanga isingeandikika. Malalamiko sasa yanaweza kupelekwa kwa mmoja wa watu watatu, wawili wao wanawake, na hakuna kati yao anayeandika tathmini ya mlalamikaji. Wenzangu wawili bado wananung'unika. Mmoja hapendi kabisa na amesema hivyo kikaoni, jambo ambalo naliona bora kuliko minong'ono ya chai.

Yule binti nilimwomba radhi, mlango ukiwa wazi. Nilimweleza orodha, kalamu, na hofu yangu, bila kupunguza. Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Asante kaka kwa kuniambia. Mimi nilidhani ni kazi yangu mbovu. Mwaka mzima nimekuwa nikirudia kila hesabu mara tatu."

Kijana niliyempeleka Shinyanga alipanda cheo mwaka uliofuata, na alistahili, kazi ya pamba aliifanya vizuri. Yule binti bado anasubiri. Kwenye faili lake, sehemu ya uzoefu wa nje ya ofisi kwa mwaka ule, kuna mstari mtupu, na chini yake ipo sahihi yangu.