Walimu Tunao, Pa Kukaa Ndiyo Hatuna

Kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, kile cha mwisho cha kukumbushana ahadi, shemeji mmoja aliona ndipo mahali pa kunitolea uvivu. "Shemeji, na kazi yako hiyo yote, watoto bado wako kayumba tu?" Watu wakacheka. Mwekahazina, ambaye mwenyewe ni mwalimu wa serikali, akacheka. Nikacheka na mimi, maana ahadi yangu nilikuwa sijaimalizia, na mwenye deni hana ubavu wa kununa.

Ila lilibaki moyoni, na leo nalitoa.

Ndiyo, wako kayumba. Wa kike yuko la tano, wa kiume la tatu, shule ya msingi ya serikali huku Temeke ya ndani, kule ambako bodaboda ukimwelekeza lazima umalizie na "ukifika kwenye mwembe piga simu." Jina la shule silitaji. Mwalimu mkuu ni mtu mwema na matatizo aliyonayo yanamtosha.

Nianze na jambo ambalo watu wa shule za kulipia hawapendi kulisikia: walimu tunao. Tena walimu hasa. Kila mwalimu wa nchi hii akiolewa na mtu wa Dar anaomba uhamisho kumfuata mume, na asiyeolewa anatafuta sababu nyingine. Kwa hiyo wakati kuna shule za vijijini zenye walimu watatu wanaozungukia madarasa saba, kwetu ofisi ya walimu imejaa mpaka wengine wanasahihisha madaftari nje chini ya mti. Mwalimu wa darasa wa kijana wangu alianzia kazi Tunduru, akafundisha huko miaka, ndipo akaja mjini. Mtoto asiyejua kusoma anamtambua kwa namna anavyoshika kitabu. Sasa nenda kwenye hizo shule za kulipia za mtaani kwetu, zile za vyumba sita na basi moja la njano, uulize walimu wamekaa muda gani. Wengi ni vijana wanaosubiri ajira za serikali. Ajira zikitangazwa wanaondoka, na mtoto akirudi likizo anakuta sura mpya ubaoni. Ada unalipa wewe, uzoefu wanakuja kuufaidi watu wa kayumba.

Hilo shemeji halijui. Anajua tu kwamba mwanawe anasema "good morning", na basi linamchukua saa kumi na moja alfajiri akiwa bado amelala, shingo imelegea dirishani.

Wangu wanatembea kwa miguu. Wanafika wameamka. Hesabu za kugawanya wanafundishwa kwa Kiswahili, lugha wanayoitumia kugombania rimoti, kwa hiyo wakikosea wanajua wamekosea wapi. (Kitakachowapata kidato cha kwanza kila kitu kitakapogeuka Kiingereza kwa siku moja, huo ni ugomvi wa makala nyingine.) Wanakaa na mtoto wa fundi cherehani, wa askari, wa mama anayeuza samaki Rangi Tatu. Sijui kwa nini hilo halihesabiwi kuwa elimu.

Haya. Sasa nimtoe na mimi uvivu aliyetufikisha hapa, maana nisije nikaonekana msemaji wa manispaa.

Darasa la kijana wangu lina watoto zaidi ya 180. Sijakosea sifuri. Kiwango cha serikali yenyewe ni watoto 45 kwa chumba. Niliingia siku moja kupeleka sare ya dada yake iliyosahaulika nyumbani, nikasimama mlangoni nisijue mguu niuweke wapi. Dawati la watoto watatu lina watano, na wa pembeni anakaa nusu, mguu mmoja umekita sakafuni kumshikilia asianguke. Wa mbele kabisa wamekaa chini, migongo imegusa ukuta wa ubao, hivyo mwalimu akiandika lazima aandike juu juu, na chaki inawamwagikia kichwani. Wanaandikia mapajani. Mwalimu hawezi kupita katikati kwa sababu katikati haipo.

Nikamuuliza kijana, sasa madaftari mnasahihishiwaje? Akanijibu kawaida tu: safu ya dirishani Jumatatu, safu ya kati Jumatano, safu ya mlangoni Ijumaa. Yeye ni wa mlangoni. Kosa la Jumatatu linakaa naye wiki nzima, analirudia kila siku kwa bidii na kwa mwandiko mzuri. Na hata hiyo Ijumaa, nimekuta vema nyekundu kubwa juu ya hesabu ambayo hakuijibu kabisa. Nafasi tupu imepata vema. Nilitaka kukasirika, kisha nikapiga hesabu: madaftari 60 kwa siku, hesabu kumi kila moja, na mama huyo naye ana watoto wanamsubiri nyumbani. Mimi ningeweka vema hata kwenye jalada.

Mtoto wa jirani yangu alikaa muhula mzima bila kugundulika kwamba haoni ubaoni. Muhula mzima. Alikuwa ananakili kwa mwenzake, na mwenzake naye alikuwa anakosea. Mwalimu hakuwa mzembe. Macho ya mtoto mmoja kati ya 180 hayaonekani, hata uwe na moyo gani.

Na hapo bado sijagusa zamu. Wa chini wanaingia asubuhi, wengine mchana, na wa mchana wakitoka ni jioni, wengine wanakaribia magharibi. Sijagusa vyoo, ambako kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye watoto 3,000, nusu kwa nusu, ingehitaji matundu 135. Nikayataje ya kwetu? Niacheni.

Sasa sikilizeni kinachoniudhi hasa, maana hali yenyewe nimeizoea. Kinachoniudhi ni mshangao. Kila Januari kuna mkubwa anasimama mbele ya kamera anasema mwitikio umekuwa mkubwa kuliko matarajio, watoto wamejitokeza wengi. Wamejitokeza! Wametokea wapi? Wameshuka na mvua?

Mwanangu alizaliwa hospitali ya serikali, akapewa kadi. Kila mwezi nilimpeleka zahanati ya kata, akaning'inizwa kwenye mizani akilia, nesi akaandika uzito kwenye kadi na kwenye lile daftari lao kubwa la mistari. Miezi 9 akachomwa ya surua. Miezi 18 akarudia. Kuna mwezi nilipitiwa sikwenda, mhudumu wa afya wa mtaa akanifuata mpaka mlangoni kuniuliza kulikoni. Mpaka mlangoni! Kwa hilo nawapa heko, na ndiyo sababu nina hasira. Zahanati ile iko chini ya nani? Halmashauri. Shule ya msingi je? Halmashauri ile ile. Mganga mkuu na afisa elimu msingi wote wako chini ya mkurugenzi mmoja na wanakaa naye meza moja kwenye vikao. Maana yake mtoto alipokuwa na miezi 9, ofisi ilishajua yupo, jinsia yake, mtaa wake, na kwamba miaka kama mitano baadaye atahitaji mahali pa kukaa awali, na mwaka unaofuata la kwanza. Kati ya sindano na dawati kuna muda wa kujenga ghorofa, kulipaka rangi, na rangi ikaanza kubanduka.

Hilo daftari la nesi lingevuka korido moja tu, mshangao ungekwisha. Hakuna teknolojia hapo. Hakuna mfadhili. Ni mtu kutoka ofisi moja kwenda nyingine amebeba idadi.

Au tuache kliniki, tuchukue sensa. Mwaka 2022 tulihesabiwa, Temeke ikakutwa na watu 1,346,674, wengi kuliko mikoa kadhaa ya nchi hii. Tulikaa nyumbani, tukajibu maswali yote mpaka la paa la bati. Baada ya sensa vile vishikwambi vikagawiwa walimu. Kwa hiyo kifaa kilichomhesabu mwanangu sasa kiko mkononi mwa mwalimu asiyejua amkalishe wapi. Mtunzi wa vichekesho angeambiwa anazidisha.

Najua jibu la wataalamu: tatizo ni ardhi. Ni kweli, nalikubali kwa shingo upande. Mtaa wetu ulikuwa mikorosho na mihogo. Mwenye shamba akamega, akauza ishirini kwa ishirini, serikali ya mtaa ikagonga mhuri na kuchukua chake, naye akamega tena. Leo tuna misikiti, makanisa, baa, bohari za saruji na saluni kila kona, lakini katika mauziano yote yale hakuna aliyesema hizi ekari mbili tatu ziacheni, hapa pana watoto wanakuja. Sasa halmashauri ikitaka kiwanja cha shule inabidi ilipe fidia ya nyumba ambazo watu wamejenga mbele ya macho yake.

Lakini msinidanganye kwamba haikuwezekana. Mradi wa viwanja 20,000, ule wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipima kwanza maeneo kama Kibada, maeneo ya huduma yakatengwa, ndipo watu wakajenga. Jiji hili hili. Walipotaka, walijua.

Kwingine dawa iliyopatikana ni kugawa shule. Shule ikizidi watoto inazaliwa shule B ndani ya uzio ule ule. Kwenye karatasi idadi inashuka nusu, afisa anapumua. Uwanjani ni vumbi lile lile, bomba lile lile, walimu wakuu wawili na kengele mbili zisizokubaliana saa. Ya B ikilia, watoto wa A wanainua vichwa, kisha wanarudi kuandika.

Michango nitaisema haraka kwa sababu mnaijua. Elimu bila malipo ilikuja Januari 2016 kwa Waraka Namba 5 wa 2015, na sitaisema vibaya, kuna watoto mtaani kwangu wasingeona darasa. Ila ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kiwango hicho kilipangwa wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, kikiwa sawa na kama dola 10. Leo hakifiki dola 5. Mwalimu mkuu afanyeje? Anaitisha kikao. Mlinzi, mtihani wa wiki, uji, karatasi. Vyote ni hiari, hiari ambayo usipolipa jina la mwanao linasomwa mstarini.

Serikali imejenga, nisiwe mchoyo. Zile fedha za UVIKO za mwaka 2021 zilileta madarasa 15,000 nchini, na Januari 2022 kidato cha kwanza wakaingia wote kwa mkupuo mmoja bila kusubiri chaguo la pili. Lilikuwa jambo kubwa. Ila 12,000 kati ya madarasa hayo yalikuwa ya sekondari, na 3,000 yaliyobaki yakaenda shule shikizi, vile vituo vidogo vya watoto wanaokaa mbali na shule mama, ambazo ni habari za vijijini. Shule ya msingi ya pembezoni mwa Dar si sekondari wala si shikizi. Hata ghorofa zimeanza kujengwa kwenye baadhi ya shule za jiji, na ndiyo njia, maana angani hakuna aliyemega ishirini kwa ishirini. Zijengwe nyingi na zijengwe huku, zisiishie kwenye shule za barabarani ambako msafara wa kiongozi unapita.

Maana kuna jambo linakuja na tarehe yake tunaijua. Kwa mtaala mpya msingi unaishia la sita. Binti yangu aliye la tano sasa atamaliza 2027, na mwaka huo huo watamaliza walio mbele yake, wale wa mwisho wa la saba. Mikondo miwili, kidato cha kwanza kimoja, Januari 2028. Sekondari zetu za kata za huku kwa mkondo mmoja tu zimeshabanana.

Diwani anakuja kikao cha wazazi Jumamosi ijayo, ametutumia ujumbe kwenye grupu wenye maua na mikono ya kuomba. Ajenda ni mchango wa madawati. Mchango nitatoa. Ila nimeshaandika barua kwa kamati ya shule, wazazi wenzangu wamesaini, tunataka asome mbele yetu mambo matatu: la sita na la saba wa kata yetu watakaomaliza 2027 ni wangapi, vyumba vya kidato cha kwanza vilivyopo kwenye kata vinachukua wangapi, na vingine vinajengwa kiwanja gani. Akisema takwimu hana, zahanati iko ng'ambo ya barabara, mimi nitamsindikiza.