Dakika 20 za Kwenda Unguja

"Mjomba, panda ndege, dakika 20 tu umefika." Maneno ya mpwa wangu hayo, bwana harusi. Na mimi mtu mzima mwenye heshima zangu nikaona kweli, boti niwaachie wenye matumbo ya chuma.

Dar mpaka Unguja kwa angani ni kilomita 70 na ushei. Kwangu Mbezi mpaka uwanja wa ndege hazifiki 30. Haya, niulize nimetumia muda gani. Saa 12 alfajiri nipo kituoni, na mvua ilishanyesha, kwa hiyo hapo sina la kueleza. Ubungo nimesimama mguu mmoja, mwingine sijui alikuwa ameukalia nani. Buguruni tumezeeka. Tazara siku hizi kuna daraja la juu, basi na foleni nayo imepanda juu.

Saa 3 kasorobo naingia lile jengo la zamani la ndege ndogo, jasho linachuruzika, begi lina kilo 10 za mchele wa Kyela wa shangazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Binti ana adabu, nikafurahi. Nikaweka begi kwenye mzani.

"Sasa panda na wewe."

"Nipande wapi?"

"Kwenye mzani, baba. Ndege ndogo, abiria wote tunawapima."

Jamani, mara ya mwisho kupimwa hadharani nilikuwa kliniki, mama amenibeba mgongoni! Nikavua viatu. Nikatoa funguo. Nikatoa na simu. Nikavuta pumzi nikaibana, nikidhani hewa nayo ina kilo.

"Baba, usishike meza."

Nikaachia meza. Zile namba nyekundu zikapanda, zikasita kidogo kama zinaona haya, zikapanda tena. Binti akasoma kwa sauti ya mnadani: "Tisini na saba!" Mwenzake akaandika. Nyuma yangu mama mmoja wa baibui akasema "mashallah," na haikuwa mashallah ya kheri.

"Mbona tiketi wameandika 78?"

"Hizo ni za mwaka 2009," nikamwambia. Mzani wenu mbovu, upimeni na mfuko wa saruji! Akaniambia kwa upole kwamba kilo za begi zilizozidi nazilipia, na kwamba nitakaa mbele, jirani na rubani. Hapo heshima ikanirudia, nikakohoa kidogo, nikamtazama yule mama. "Watu wazima wanajulikana," nikasema.

"Siyo hivyo baba. Ni kuweka ndege sawa."

Safari yenyewe sina cha kusimulia. Pangaboi ikavuma, nikaanza dua ya safari, nikamenya pipi, sijaimaliza mdomoni tayari mabati ya Unguja haya hapa. Saa tatu kasoro za barabarani, dakika 20 za angani, na hizo 20 zote nawaza 97.

Maana Jumanne nilimgombeza fundi wangu mbele ya wateja. Suruali ya harusi haifungi, nikamwambia ameiba kitambaa. Akaapa kwa Mungu wake. Sasa nitamwambia nini? Lakini naye fundi gani, "njoo Jumamosi," Jumamosi ukienda cherehani imeharibika, ukirudi umeme hakuna, ukirudi tena kamvalisha mtu mwingine kazini! Zipu yenyewe kaweka ya sketi, na hapa ninapoongea nimeishikiza kwa pini.