Nyumba imeshapewa namba, simu tano za nini?

Kinachoniandikisha haya ni kikaratasi kilichobandikwa juu ya boksi. Hapa Leeds kila kifurushi kinachoingia kwenye vani kina jina la mtu, namba ya nyumba na postikodi ya herufi na tarakimu. Postikodi moja ya Uingereza kwa wastani inashika nyumba kama 15 tu. Ramani inakufikisha mtaani, mlangoni unasoma namba, unaskani, unapiga picha, unaondoka. Simu haijaingia popote. Mkandarasi wa kujitegemea, yaani dereva aliyejiajiri mwenyewe, mwenye vifurushi 120 na saa nane ana dakika nne kwa kila kimoja, kuendesha gari humohumo, na anamaliza.

Sasa njoo Mbeya. Wenzetu wanaopokea mizigo ya mabasi na kuisambaza kwa bodaboda na bajaji, toka Uyole mpaka Mbalizi, nawaheshimu sana, na ndiyo maana nachukia kuona wanavyoumia. Chukua vifurushi 25 tu. Simu ya kwanza niko njiani, ya pili nimefika kwenye lami, ya tatu mbona hupokei. Weka dakika kumi za kusubiri kila mteja: ni dakika 250, zaidi ya saa nne pikipiki imesimama. Mtu anarudi na vifurushi tisa jioni, halafu muuzaji anasema hawa watu wa vifurushi ni wavivu!

Kitazame kifurushi chenyewe. Sandarusi imefungwa kwa mpira wa tyubu, juu imeandikwa kwa maka peni: MAMA NEEMA, UYOLE, na namba ya simu. Basta. Mvua ikiipata ile wino, 3 inasomeka 8, na mwenye namba ya 8 yuko Sumbawanga hajui lolote. Uyole yenyewe ni njia panda ya kwenda Tukuyu na Kyela, ina Mama Neema wangapi?

Najua nitaambiwa: amekaa Ulaya kidogo, ameanza kutudharau, kwetu watu wanajuana. Sawa, tunajuana. Lakini mpangaji aliyehamia Isyesye mwezi jana anajulikana na nani? Na huyo anayejuana na kila mtu akiugua, daftari la wateja wote liko kichwani mwake. Kumpa kijana mwingine njia hiyo inachukua wiki nzima ya kumzungusha. Biashara haiwezi kuongeza pikipiki ya pili kwa mtindo huo, hata mtaji ukiwepo.

Tena kisingizio cha kwamba hatuna anwani kimekwisha. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nchi nzima iliwekewa anwani za makazi: nguzo za majina ya barabara, namba za nyumba, na programu ya NaPA ya kutafutia. Hapo naona fahari, si kazi ndogo. Ila lieleweke jambo moja. Postikodi yetu ya tarakimu tano, kama ya Mbeya inayoanza na 53 au ya Iringa inayoanza na 51, inaishia kwenye kata. Kata ni maelfu ya watu. Postikodi peke yake haimfikishi mtu mlangoni. Inataka jina la barabara na namba ya nyumba, na hivyo viwili ndivyo tusivyoandika. Kibao kipo getini, mwenye nyumba mwenyewe hajakisoma.

Wala sisemi huku ni peponi. Mkandarasi wa kujitegemea hana likizo ya malipo wala posho ya ugonjwa. Bima ya kawaida ya gari haimfai. Anatakiwa ile ya kubeba mali za watu kwa malipo, na bima ya mzigo wenyewe juu yake. Kodi anajikadiria: mwaka unaisha Aprili 5, hesabu na malipo mwisho Januari 31. Asiyeweka pembeni angalau robo ya faida kila wiki, Januari inamkuta anakopa. Vani ikigoma, malipo ya kuikodi yanaendelea na njia inapewa mwingine. Mbeya mnyororo ukikatika mteremko wa Iganzo, fundi yuko chini ya mparachichi na kabla ya saa moja kuisha umeondoka. Hilo hata Leeds nzima ikusanyike haiwezi.

Ndiyo maana inaniuma. Ufundi tunao, watu wachapakazi tunao, tunashindwa na mistari mitatu ya anwani. Na mstari ukikosekana, hasara haimwangukii muuzaji wa Kariakoo aliyeandika ovyo. Inamwangukia mwenye pikipiki: mafuta yake, safari ya pili yake, na kama ni malipo baada ya kupokea, amegeuzwa mdai wa madeni ya mtu mwingine.

Kwa hiyo mwenye pikipiki akatae mzigo usio na anwani, au autoze bei ya safari mbili. Anunue daftari kubwa, kila kata kurasa zake: barabara, namba, jina la mjumbe, na alama isiyohama. Shule, kanisa, msikiti, transfoma. Genge linahama, kibanda cha wakala kinapakwa rangi nyingine mtandao ukibadilika. Akiwasilisha mara ya kwanza, asome kibao cha nyumba akiandike palepale, mara ya pili hapigi simu. Mzigo upangwe kinyume: wa mwisho kushushwa unaingia kwanza. Asubuhi Uyole na Isyesye, mchana Kabwe na Mwanjelwa, jioni Iyunga hadi Mbalizi, si kuvuka barabara ya Tunduma kati ya malori mara kumi kwa siku.

Na wewe unayetuma, andika kwenye karatasi kwa kalamu ya wino, funika yote kwa selotepu pana, nakala ya pili iwe ndani ya mzigo, simu ziwe mbili za watu wawili tofauti. Kama unakwenda Kyela, weka na jina la kituo cha kushushia, maana konda akishapita hageuzi basi.