Namba ya Umri Haijui Unavyocheza

Kuna mlinzi mmoja katika gemu ya Dishonored ambaye mwendo wake nimeukariri. Hatua chache mpaka dirishani, anasimama, anakohoa, anageuka, anarudi taratibu akiburuta mguu mmoja. Usiku ule nilijibanza chini ya meza kama dakika 40 nikimsoma. Nilipotoka nilinyata mpaka mgongoni mwake, nikachomoa ufunguo kiunoni, nikapotelea mlango wa pembeni. Hakuhisi kitu. Hakuna aliyekufa. Viganja vyangu vilikuwa vimelowa jasho hadi pedi inateleza.

Rafiki yangu aliimaliza gemu hiyohiyo kwa siku mbili, upanga mkononi mwanzo mwisho, na kila alikopita aliacha maiti. Tulipokaa kusimuliana ilikuwa kama tumetoka nchi mbili tofauti. Na gemu yenyewe inalijua hilo: ukiua sana, mji unazidi kujaa panya na wagonjwa wa tauni, na hadithi inaishia gizani. Ukiwaacha watu hai, mwisho unakuwa mwingine. Watengenezaji waliipanga hivyo kwa makusudi walipoitoa mwaka 2012. Juu ya kasha, hata hivyo, sisi wawili tulipewa namba moja: 18.

Sisemi namba hiyo ni ya uongo. Upanga umo, damu imo, na mkono wa mtoto hauna sababu ya kuchagua njia niliyoichagua mimi. Ninachosema ni kwamba alama za umri hupima kinachoonekana, lakini gemu ni kile unachokifanya na kile inachokufanya wewe. Kati ya mambo hayo mawili kuna pengo, na nimekuja kuamini kwamba hatari kubwa kwa watoto imejificha humo ndani ya pengo, wakati sisi wakubwa tumekodolea macho damu.

Ukitaka kujua kwa nini macho yetu yako kwenye damu, rudi mwaka 1993. Mortal Kombat ilikuwa imeingia majumbani, na mshindi aliweza kumng'oa mpinzani wake kichwa pamoja na uti wa mgongo. Desemba mwaka huo maseneta wa Marekani, wakiongozwa na Joe Lieberman na Herb Kohl, waliita kikao kuhusu gemu za aina hiyo. Wenye kampuni waliogopa serikali isije ikawatungia sheria, wakaunda chombo chao wenyewe cha kuzipa gemu alama za umri, ESRB, mwaka 1994. Ulaya walifuata na mfumo wao, PEGI, mwaka 2003, wenye namba zile tulizozizoea: 3, 7, 12, 16 na 18.

Katika kisa hicho kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Kwenye mashine ya Nintendo, Mortal Kombat ilitolewa damu na kupakwa jasho la kijivu mahali pake. Kwenye mashine ya Sega damu ilikuwepo, ila imefichwa: ulipaswa kubonyeza A, B, A, C, A, B, B ndipo itokee. Ngumi ni zilezile, teke ni lilelile, vidole vinafanya kazi ileile. Kilichobadilika ni rangi ya tone linaloruka. Mfumo uliozaliwa katika mzozo ule ulirithi jicho la mzozo ule, na mpaka leo huanza kwa kuuliza rangi ya tone.

Hata namna ya kupima inatokana na jicho hilo. Kwa gemu za kwenye kasha, kampuni huipelekea ESRB maelezo pamoja na video ya matukio makali kuliko yote, na waamuzi huketi kutazama. Hutazama, hawachezi. Mwaka 2005 ilidhihirika kwamba ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas kulikuwa na sehemu ya ngono iliyofungiwa kwenye msimbo, nayo ikafunguliwa na wachezaji wenyewe. ESRB ikaipandisha gemu hiyo kutoka daraja la M, la miaka 17 na kuendelea, mpaka la watu wazima pekee, na ikaanza kuzitaka kampuni zitaje hata vitu vilivyofichwa. Lilikuwa rekebisho la haki. Bado lilibaki rekebisho la kitu cha kuonekana.

Sasa nizungumzie namna za kucheza, kwa sababu hapo ndipo watu wasiocheza hupotea. Mwaka 1996 Richard Bartle, Mwingereza aliyeshiriki kutengeneza MUD, ile dunia ya maandishi ambayo watu wengi waliingia na kucheza pamoja kupitia kompyuta zilizounganishwa, aliandika makala akiwagawa wachezaji kwa maua manne ya karata. Uru ni wale wanaosaka pointi na vikombe. Shupaza huchimba, wanataka kujua nyuma ya mlima kuna nini. Kopa huingia kwa ajili ya watu. Pau huingia ili wawasumbue wengine. Aliandika kuhusu dunia za maandishi, lakini kila ninapoingia kwenye gemu yoyote ya mtandaoni nawaona wote wanne kabla sijamaliza kuchagua nguo.

Mimi ni shupaza. Naweza kuliacha joka linasubiri saa tatu kwa sababu nimeona mwanya kwenye ukuta. Dada yangu ni kopa mtupu: hajui jina la silaha hata moja, ila anajua nani katika kundi lao ameachwa na mchumba na nani ana mtihani kesho. Rafiki yangu wa upanga ni uru na pau kwa pamoja, na nampenda hivyohivyo.

Kwa hiyo nakereka sana ninaposikia mtu akimwambia mwenzake kwamba hajacheza "kweli" kwa kuwa alipunguza ugumu. Nimeimaliza Dark Souls, nimekufa humo mara zisizohesabika, na ile hali ya kuona bosi, yaani adui mkubwa, anaanguka baada ya jioni nzima ya kushindwa siwezi kuibadilisha na chochote. Lakini Celeste, gemu ya kupanda mlima iliyotoka mwaka 2018, iliweka wazi sehemu ya msaada ambapo unaweza kupunguza kasi ya gemu au kuzuia usife kabisa, na mlima ule haukupungua hata inchi kwa waliokuwa wanaupanda bila msaada. Mtu ambaye vidole vyake vinauma, au aliyerudi kazini amechoka na ana nusu saa tu, ana haki ya kufika kileleni. Heshima yangu haipungui akifika.

Turudi kwa watoto. Mpwa wangu ana miaka 9. Jioni moja alikuwa ameketi karibu nami na simu, kwenye gemu ya wanyama wa katuni, bila damu, bila bunduki, bila tusi, yenye namba ya watoto wadogo. Niliinua kichwa kwa sababu alikuwa kimya kupita kawaida. Kwenye kioo kulikuwa na sanduku linalotikisika. Mwanga ulikuwa unavuja kwenye nyufa zake, ngoma zinapigwa kwa kasi, halafu zinakatika ghafla. Mpwa wangu alikuwa ameacha kupumua. Sanduku likafunguka, likatoa kitu alichokuwa nacho tayari. Kabla mwanga haujazimika kidole gumba chake kilikuwa kimesharudi kwenye kitufe.

"Mjomba, moja tu. Ya mwisho."

Sura ile naijua. Nimeiona kwa watu wazima wanaobahatisha, na kwa mtoto wa miaka 9 inaumiza kuitazama. Nilikaa naye nikamwomba anionyeshe anavyocheza. Kwa muda wote ule hakuruka shimo, hakutatua fumbo, hakumshinda mtu. Alifungua, akasubiri, akafungua. Kwa maua ya Bartle hakuwa uru wala shupaza. Hakuwa anacheza. Alikuwa anachezwa.

Nitasema wazi: ningependa mtoto huyo anione nikipigana na mazimwi kwa upanga kuliko ajifunze kusubiri sanduku lile. Upanga anajua ni mchezo. Kuhusu sanduku, hajui hivyo.

Wapimaji wameanza kuliona tatizo hili, kwa kuchelewa na kwa kuyumba. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa ni kamari. ESRB iliweka alama ya manunuzi ndani ya gemu mwaka huohuo, na mwaka 2020 ikaongeza maneno ya kuonya kwamba kinachonunuliwa kinaweza kuwa cha bahati nasibu. Lakini alama ni maandishi madogo pembeni. Namba kubwa ndiyo mzazi anayoiona.

Na namba kubwa imetoa vituko. Balatro, iliyotoka Februari 2024, ni gemu ya karata inayotumia mikono ya poka: unapanga jozi na mfululizo, unakusanya pointi, unajaribu kuvuka kiwango. Hakuna fedha ya kweli inayowekwa popote. PEGI iliipa 18, kwa hoja kwamba inafundisha kamari. Wakati huohuo EA Sports FC, gemu ya soka ambamo mtoto anaweza kununua kwa fedha halisi pakiti za wachezaji bila kujua atapata nani, ilikuwa na namba 3. Tatu! Mtengenezaji wa Balatro, anayejulikana kwa jina la LocalThunk, alilalamika hadharani. Rufaa ikakatwa, na Februari 2025 PEGI ikaishusha Balatro hadi 12. Nilifurahi kwa ajili yake, lakini lile la EA Sports FC lilinibaki kooni. Kilichowaogofya wapimaji kilikuwa picha ya karata. Kitendo chenyewe, kulipa na kubahatisha, kilipita kwa sababu kimevaa jezi.

Wajerumani walifanya vizuri zaidi. Chombo chao cha USK kilibadili vigezo mwaka 2023 ili manunuzi ya kubahatisha na shinikizo la kumfanya mchezaji arudi kila siku vihesabiwe kwenye umri wenyewe, na EA Sports FC 24 ikapewa 12. Soka ni ileile, nyasi ni zilezile. Safari hii mtu aliuliza gemu inamfanya nini mchezaji. Natamani vyombo vingine vifuate njia hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo namba haiwezi kulishika kabisa, nalo ni watu. ESRB yenyewe huandika kwamba maongezi ya mtandaoni hayamo katika tathmini yake, na ni kweli, hakuna anayeweza kumpima mtu asiyemjua. Gemu inaweza kuwa ya kujenga nyumba kwa matofali ya rangi, namba 7, na ndani ya dakika tano mtu mwenye sauti nzito akamtukana mtoto wako kwa maneno ambayo hata mimi sikuyajua katika umri huo. Hapo mpangilio wa maongezi ya sauti una kazi kubwa kuliko namba yoyote. Nauzima kwanza, kisha ndiyo nampa mpwa wangu pedi.

Wazazi huniuliza sana, "Hii inafaa?" wakinionyesha kasha. Nikitaja namba wanaridhika na kuondoka. Nimeacha kutaja namba. Nawageuzia kasha nyuma, zile alama ndogo: ngumi, buibui, mkono wenye kadi. Moja inaonya kuhusu ukatili, nyingine kuhusu vitisho, nyingine kuhusu ununuzi. Watoto hawafanani. Namjua mtoto ambaye damu ya katuni haimgusi, lakini chumba chenye giza na muziki wa polepole kinamfanya asilale siku tatu. Namba 12 haiwezi kumjua mtoto huyo, mama yake anamjua. Kisha nawaomba waketi nusu saa na kucheza wenyewe, hata wakishindwa kutembea na kutazama kwa wakati mmoja, kama inavyowatokea wengi mwanzoni. Nusu saa hiyo itawaambia kama gemu inamwomba mtoto afikiri au inamwomba alipe.

Nami nimefanya uamuzi wangu. Simu ile ilifutwa ile gemu ya wanyama, kwa machozi, na mahali pake nikamwashia mpwa wangu The Legend of Zelda: Breath of the Wild kwenye runinga, mimi nikiwa pembeni. PEGI inasema 12. Yeye ana 9. Niliicheza yote kabla yake, najua kila kilicho ndani, na dada yangu aliangalia saa nzima ya kwanza kabla ya kukubali.

Gemu hiyo inamruhusu mchezaji aliyetoka uwanda wa kwanza kwenda moja kwa moja kupambana na adui mkuu. Wapo wanaofanya hivyo na kumaliza kila kitu upesi. Mpwa wangu ana wiki ya tatu na bado hajaikaribia ngome. Binti mfalme anamsubiri, yeye amepata farasi. Juzi nilimkuta amejikunja kwenye kochi kana kwamba ni yeye aliyejificha kwenye majani marefu, anasogea kidogokidogo nyuma ya farasi mwenye mabaka. Nikataka kumwambia kitu.

"Mjomba, shh! Atasikia."

Farasi akainua masikio. Kidole gumba kikatulia juu ya pedi bila kubonyeza. Tukasubiri wote wawili mpaka kichwa kile kikainama tena kwenye nyasi, naye akaruka mgongoni na kuanza kumbembeleza kwa kitufe, huku mdomoni akinong'ona, "Taratibu, taratibu, mimi rafiki."