Anayebaki na PES ya zamani hajachelewa

Ukisema leo kwamba bado unacheza PES, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, iwe PES 6 kwenye PlayStation 2 au PES 2013 kwenye PS3, watu wanakuhukumu papo hapo: huna hela ya mashine mpya. Wengi wanaosema hivyo wana EA Sports FC nyumbani, na wengine wanacheza eFootball, mrithi wa PES, kwenye simu. Kwao gemu ya mpira ni kama jezi, ya msimu uliopita inawekwa kando. Nimecheza zote, za zamani na za sasa, na naona hukumu hiyo inawakosea watu. Wapo waliobaki na gemu ya zamani kwa sababu ya hela, hilo halina ubishi. Lakini nawajua wengi wenye uwezo wa kununua mpya ambao bado wanarudi kwenye PES, na wana sababu ya maana. Kwenye gemu ile watu wawili wanaanza mechi wakiwa sawa.

Gemu mpya zina haki yao, tena kubwa. Sisi tuliokulia kwenye PES tulicheza miaka mingi na Chelsea iliyoitwa "London FC" na Liverpool iliyoitwa "Merseyside Red", kwa sababu Konami hawakuwa na leseni za timu zile. Gemu ya FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC baada ya kampuni ya EA kuachana na shirikisho la FIFA, ilikuwa na majina halisi, jezi halisi na viwanja halisi. Hilo si pambo tu. Mbwana Samatta alipokuwa Genk na Victor Wanyama alipokuwa Tottenham, kijana wa Mbagala au wa Kariobangi aliweza kumchagua mtu wa kwao kwa jina lake na kumpa pasi. FIFA 16 ilileta timu 12 za taifa za wanawake, jambo ambalo PES haikuwahi kulifanya. Na kosa la gemu likigundulika leo, linarekebishwa kupitia intaneti. Kosa la PES 6 limo kwenye CD hadi CD ichakae.

Kuna hoja nyingine ambayo watetezi wa PES hawapendi kuigusa. Kibanda cha gemu hakikuwa cha kila mtu. Msichana aliyeupenda mpira kama kaka yake mara nyingi hakuruhusiwa kwenda kukaa kule, na akienda alisemwa. Mtoto mpole alinyang'anywa pedi ya kuchezea na wakubwa. Mchezo wa mtandaoni umewafungulia mlango hao wote. Umemfungulia pia mtu aliyeko kazini Muscat au Doha, ambaye saa za usiku anacheza na mdogo wake aliyeko Tanga. Benchi la kibanda haliwezi kumfanyia hivyo, na mtu akiniambia kwamba kwa sababu hiyo peke yake anaipenda eFootball kuliko PES zote, sitambishia.

Na eFootball yenyewe inahukumiwa kwa siku yake ya kwanza. Ilitoka tarehe 30 Septemba 2021 ikiwa na timu tisa tu za kuchezea nje ya mtandao, nyuso za wachezaji zilizoharibika na pasi zilizopooza. Wachezaji wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, waliipa alama mbovu kiasi kwamba ilishuka hadi mkiani mwa orodha nzima, na Konami wakaomba radhi hadharani. Lakini toleo la Aprili 2022 lilikuwa gemu nyingine, na tangu hapo imezidi kunyooka. Ukiniuliza juu ya mpira wenyewe, yaani namna mchezaji anavyogeuka na mpira na uzito wa pasi inapotoka mguuni, naiweka eFootball ya sasa juu ya FC. FC ina haraka isiyoisha: beki anapora, mawinga wawili wanakimbia, krosi ya chini, goli, tunaanza upya. Inapendeza kutazama, ila ukiicheza jioni nzima magoli yote yanaanza kufanana.

Shida yangu na zote mbili iko kabla ya filimbi ya kwanza.

Fikiria mechi ya PES kibandani. Wawili wanachagua timu. Mmoja akichukua Barcelona, mwenzake anaweza kuchukua Barcelona ile ile, ikiwa na Messi yule yule mwenye namba zile zile za uwezo. Kisha inakuja skrini ya kikosi, na hapo ndipo PES ilipokuwa na akili ambayo sijaiona ikithaminiwa inavyostahili. Kando ya kila jina kuna mshale wa hali ya mchezaji siku ile. Wa juu mwekundu maana yake leo anawaka, na unaotazama chini maana yake leo hayupo. Messi anaweza kukuangukia na mshale wa chini. Unamweka benchi au unamwanzisha ukitegemea jina? Nimeona watu wakibaki kwenye skrini ile huku foleni nyuma inapiga kelele, wakimtoa mshambuliaji ghali na kumwingiza kijana wa akiba kwa sababu tu mshale wake ni mwekundu. Uamuzi huo haununuliwi. Unaufanya kwa unachokijua kuhusu timu yako, na ukikosea unalipa ndani ya dakika kumi.

Mechi ikiisha, aliyefungwa anapisha. Hana cha kulaumu. Timu alichagua mwenyewe, na pedi ilikuwa mkononi mwake, labda ile yenye kijiti cha kushoto kilicholika mpira wa juu, lakini anajua kwamba mechi ijayo ataomba ile nzuri.

Kwenye Ultimate Team ya FC mambo yanakwenda tofauti. Unajenga kikosi chako kwa kadi, na kadi zinatoka kwenye pakiti. Pakiti unaipata kwa kucheza sana au kwa kulipa, na hujui ndani yake kuna nini mpaka uifungue. eFootball ina utaratibu wa ukoo huo huo: unatoa sarafu zake, unavuta, unaomba mchezaji mkubwa atokee. Kisha unaingia mechi na mtu usiyemjua, ambaye kikosi chake unakiona pale mwanzoni, na mara nyingi unajua kabla ya mpira kuanza kwamba mabeki wako hawataifikia kasi ya washambuliaji wake. Fundi bado anaweza kushinda, na mafundi wanashinda. Ila wawili hao hawakuanza sawa, na tofauti yao inaweza kuwa imetoka mfukoni.

Wapo watakaosema hakuna anayelazimishwa kulipa. Kweli, hakuna. Lakini nawaomba wakae kidogo na takwimu moja. Katika mwaka wake wa fedha wa 2021, EA ilipata dola bilioni 1.62 kutokana na Ultimate Team peke yake, ukijumlisha gemu zake za michezo zenye utaratibu huo. Ni asilimia 29 ya mapato yote ya kampuni. Kwa thamani ya shilingi ya wakati ule inakaribia trilioni 3.7, wakati bajeti nzima ya serikali ya Tanzania ya mwaka 2021/22 ilikuwa trilioni 36.3. Kiasi sawa na sehemu moja ya kumi ya fedha za kuendeshea nchi yetu mwaka mzima, barabara, mishahara ya walimu na dawa za hospitali zikiwemo, imelipwa na watu wanaotafuta kadi za wachezaji. Na wengi wao walikuwa wameshalipia gemu yenyewe. Mwaka unaofuata linatoka toleo jipya, na kadi zile zinabaki kwenye toleo la zamani. Aliyempata Mbappé kwa jasho au kwa fedha anaanza tena kumtafuta.

Ukubwa wa fedha hizo haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni kazi inayopewa gemu pale karibu theluthi ya mapato inapotegemea mchezaji kukitamani alichokikosa. Sisemi mechi zinapangwa. Tuhuma hiyo inazunguka kila mwaka, na sina sababu ya kuibeba. Nasema tu kwamba mtu aliyeridhika na kikosi chake si mteja. Kwa hiyo kila wiki linaletwa toleo jipya la mchezaji yule yule, lenye namba za juu zaidi, na kikosi ulichokipenda Ijumaa kinaonekana dhaifu Jumatatu. PES 2013 haikuwa na sababu ya kukufanya usiridhike. Ilikuwa imeshauzwa.

Sheria za nchi nazo hazijakubaliana. Ubelgiji ilihesabu pakiti hizi kuwa kamari, na mapema mwaka 2019 EA ikaacha kuuza sarafu zake huko. Uholanzi ilitaka kuitoza EA faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama yake ya juu ya masuala ya utawala iliifuta, ikisema pakiti ni sehemu ya gemu pana ya ustadi na si mchezo wa bahati unaosimama peke yake. Hoja ya mahakama ile ina uzito. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili anayeomba fedha za bando kisha anazipeleka kwenye sarafu haulizi kama ni kamari kisheria, na mzazi wake anayeona salio limekwisha haulizi pia.

Hoja ngumu kuliko zote dhidi ya upande wangu inahusu hela. CD nyingi tulizochezea vibandani zilikuwa nakala zilizochomwa mitaani. Konami hawakupata kitu. Mtu anaweza kusema usawa ninaousifia ulikuwepo kwa sababu sisi hatukulipa, na sasa kampuni zimepata njia ya kulipwa na watu wa nchi zetu, kidogo kidogo, kupitia gemu ya bure. Naikubali nusu ya kwanza. Nusu ya pili inaangushwa na gemu ambazo watu wa kwetu wanazicheza kila siku. PUBG Mobile, gemu ya simu ya kupigana kwa bunduki, ni ya bure, nayo imeingiza mabilioni ya dola kwa kuuza zaidi mavazi na rangi za bunduki. Mkishuka na parachuti, mwenye koti la dhahabu na mwenye fulana wote wanatua mikono mitupu, na anayeona bunduki kwanza ndiye anayeokota. Free Fire, ya aina hiyo hiyo, ni nyepesi kwa simu za bei ndogo, ndiyo maana imeenea mitaani, lakini baadhi ya rangi zake za bunduki zinaongeza nguvu, na hapo inaanza kunichosha. Inawezekana basi kutoa gemu bure, kuuza vitu na kuacha mechi iwe sawa. Makampuni ya mpira yamechagua njia nyingine.

Dream League Soccer, gemu ya mpira ya simu, inaonyesha jambo lingine. Mpira wake ni mwepesi, kipa anafungwa magoli ambayo kipa wa PES asingeyakubali, lakini inakubali uweke jezi zako mwenyewe, na ndiyo maana simu nyingi za vijana zina Simba na Yanga ndani yake. Huko kwenye PES ya zamani mafundi wa patch, yaani mafaili ya mashabiki ya kubadilisha gemu, wanaendelea kuingiza timu za ligi yetu na usajili mpya, kwenye kompyuta na hata kwenye simu kupitia PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP. Konami walimaliza na PlayStation 2 kwa PES 2014, iliyotoka Novemba 2013, lakini vikosi vya mashine ile havijaacha kubadilishwa. Ligi ya Tanzania haimo FC wala eFootball. Anayetaka kucheza dabi ya Kariakoo analazimika kwenda kwa hao wanaoambiwa wamebaki nyuma.

Hata yale makosa ya kudumu yalipata dawa kibandani. Kwenye PES 6 kulikuwa na Adriano wa Inter Milan, mwenye nguvu ya shuti 99, ambaye mguu wake wa kushoto ulimaliza mechi kutoka umbali wowote. Hakuna kampuni iliyokuja kumpunguza. Watu wenyewe walikubaliana: hapa Inter hachukuliwi, au akichukuliwa Adriano anaanzia benchi. Mgeni aliambiwa kabla hajakaa, na akibisha mwenye kibanda ndiye aliyeamua. Kwenye FC kijana anayelalamikia kadi fulani anasubiri kampuni iipunguze, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyomuuzia jirani yake kadi ile wiki iliyopita.

Kwa anayeishi mbali na wenziwe, eFootball inatosha, na ni bora kadi ya benki na simu ya malipo visiunganishwe nayo kabisa. Kwa nyumba yenye watu wawili wanaopenda mpira na televisheni moja, ningetafuta PS3 iliyotumika, pedi mbili nzima na PES 2013, kabla ya kufikiria mashine yoyote mpya.