Kontena la futi 20 lilitudanganya

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja, tuliyefanya kazi pamoja miaka mingi, alinitumia orodha ya vitu vyake vya nyumbani. Anastaafu mwakani na anahama nchi kama nilivyohama mimi, kwa hiyo anataka nimwambie apakie nini na aache nini. Orodha ina kurasa 9. Hadi vijiko vya chai amevihesabu. Nilianza kucheka, nikakumbuka kwamba yangu ilikuwa na kurasa 11, nikanyamaza.

Yeye nimeshamjibu kwa simu, lakini si wa kwanza kuniuliza, basi acha niandike. Huu ni mwaka wa 6 tangu mimi na mzee wangu tufunge nyumba tuliyoishi miaka 28, tukaja kuzeekea ugenini karibu na binti yetu. Ushauri wangu ni mfupi na najua utawaudhi wengi: chukua kidogo kuliko unavyodhani unahitaji, kisha rudi upunguze nusu.

Wanaonipinga huanza na hesabu. "Huko vitu ni ghali, hivi nilivyo navyo nimeshavilipia, nianze upya uzeeni kwa nini?" Nasi tulipiga hesabu hiyohiyo. Kasoro yake hatukuiona mpaka kontena lilipoegeshwa mlangoni na milango yake ikafunguliwa.

Ukikodi kontena zima unalipia sanduku, hulipii kilichomo. La futi 20 lina urefu wa kama mita 6, na ndani linameza mita za ujazo 33 hivi. Vitu tulivyovihitaji kweli havikufika nusu yake. Basi ile nafasi iliyobaki ikaanza kutuuma kama hela iliyodondoka njiani. Mzee akawa anazunguka nyumba akitafuta cha kujazia: ngazi, mapipa 4 ya plastiki, baiskeli isiyo na mnyororo, meza ya kupigia pasi iliyovunjika mguu. Kila kimoja, kwa maneno yake, kilipanda bure. Bure gani? Kila kimoja kilifungwa, kikaandikwa, kikashushwa, kikatafutiwa pa kukaa katika nyumba ya vyumba 2, na vingi mwishowe tukalipa watu waje wavitupe. Kwetu kabati kuukuu likitolewa nje halimalizi saa nzima kabla halijapata mwenyewe. Huku nilipiga simu siku 3 nikitafuta wa kulichukua, na aliyepatikana akanitajia bei ya kulibeba.

Kontena lenyewe halina kosa. Malcom McLean, mfanyabiashara wa usafirishaji wa Marekani, alipopakia makontena 58 kwenye meli Ideal-X, Aprili 1956, yakatoka Newark kwenda Houston, faida ilikuwa kwamba mpakiaji hahitaji tena kushika mzigo mmoja mmoja wala kujua ndani kuna nini. Lile sanduku limeundwa lisijali. Wa kujali ni wewe, na ukikodi kubwa kuliko haja yako unajiondolea sababu ya kujali.

Ndiyo maana mwenzangu nimemwambia achukue nafasi kwenye kontena la kuchangia, linalolipiwa kwa mita ya ujazo. Hapo kila boksi linakuja na bei yake, na wewe unalitazama machoni kabla hujalifunga. Maudhi hayakosekani: mzigo wako utasubiri mizigo ya wengine, na karatasi za mmoja zikiwa na walakini wote mnaweza kukwama bandarini. Bado naona ni afadhali. Siku za kusubiri zinapita. Mapipa 4 ya plastiki hayapiti, yanakutazama kila ukifungua stoo.

Sasa nije kwenye meza, maana ndiyo iliyonifundisha. Tulikuwa na meza ya watu 12 na viti vyake, na sufuria kubwa ambalo nusu ya maisha yake liliishi kwa majirani. Kwetu sikumbuki viti vile kukaa vitupu wiki nzima. Watu walikuwa wanapita, wanaketi, wanaondoka na kiti kimoja wakikirudisha keshokutwa. Nilidhani nasafirisha meza. Nilipoipanga huku, tukakaa wawili kwenye ncha moja, tukatazamana, ndipo nikaelewa kwamba kilichokuwa kinaifanya iwe meza hakikupakiwa. Hapa watu ni wema, sisemi vinginevyo. Wanasalimia, wanakusaidia kubeba mifuko. Lakini hujafahamika, na mtu ambaye hajafahamika haombwi sufuria. Mwaka wa kwanza ule ungekuwa mwepesi zaidi bila viti 10 vitupu vya kunikumbusha kila nikila.

Wapo wanaosema kuzungukwa na vitu vyako kunapunguza upweke. Labda kwa baadhi ya watu, na kwa baadhi ya vitu. Picha, ndiyo. Kikombe cha marehemu mama, ndiyo. Kochi la watu 5 likisubiri watu 5 ni upweke wenye miguu.

Pia vitu vimezoea nyumba yake. Umeme wa nchi tuliyotoka ni wa volti 230 na hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, wa hapa ni volti 120 na hezi 60. Tulinunua transfoma, kubwa na nzito kama tofali, tukajiona tumemaliza. Transfoma hubadilisha volti, hezi haizigusi. Nilikuwa na saa ya mezani ya kuchomeka, zawadi ya kustaafu, inayohesabu muda kwa kufuata mapigo ya umeme. Huku ikawa inakimbia dakika 12 kila saa. Nimestaafu nipumzike, saa yangu imeamua kuwahi. Ile ni ya kuchekesha tu, lakini friji na mashine ya kufulia zina mota, na mota iliyotengenezewa umeme mwingine ama hailindwi na transfoma hiyo ama inahitaji transfoma ya bei ya mashine mpya. Uza vyote vya umeme kabla hujaondoka. Simu na kompyuta ya mkononi hazina neno, angalia tu kama chaja imeandikwa 100 hadi 240.

Kabati la chumbani halikupita mlangoni. Mapazia yote 14 yalikuwa marefu kuliko madirisha. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kule kunakokwenda vitu.

Na kuna safari yenyewe. Kontena linapikwa na jua mchana, usiku linapoa, na unyevu uliomo kwenye mbao, maboksi na magodoro unapanda juu, unageuka matone kwenye paa la chuma, kisha unadondoka. Wenye kazi hiyo wanauita mvua ya kontena. Mvua hiyo ililinyeshea godoro letu bila tundu lolote kwenye paa, na tulipolifungua lilikuwa na ukungu wa kijani. Weka vifurushi vya kunyonya unyevu, usipakie mbao mbichi wala nguo ambazo hazijakauka sawasawa, na usifunge vitu vya kitambaa kwenye plastiki isiyopumua. Ukitengenezewa makreti au paleti za mbao, tafuta muhuri wenye suke la ngano: una maana kwamba mbao zimetibiwa zisibebe wadudu, mara nyingi kwa kupashwa moto hadi nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30. Bila muhuri huo nchi nyingi zinaweza kuurudisha mzigo au kuamuru uchomwe.

Forodha ndiko watu wanakodanganyana zaidi. Utasikia "vitu vya nyumbani havilipiwi ushuru." Nchi nyingi zinatoa msamaha huo, lakini una masharti, na masharti hayafanani. Umoja wa Ulaya unataka uwe umeishi nje yake angalau miezi 12 na vitu uwe umevimiliki na kuvitumia angalau miezi 6. Marekani inazungumzia mwaka mzima wa matumizi. Kwa hiyo yule anayenunua seti mpya ya vyombo wiki ya mwisho, eti kwetu ni rahisi, anajinunulia ushuru. Huko Ulaya kuna kipengele kinachonifurahisha: vitu ulivyosamehewa huruhusiwi kuviuza, kuvikodisha wala kuviazimisha ndani ya miezi 12 bila kuitaarifu forodha kwanza. Sufuria langu lingekaa kizuizini.

Tulichokosea sisi ni uvivu wa kuandika. Maboksi 14 niliyaandika "mchanganyiko". Mchanganyiko ni mwaliko, na wakayafungua yote 14. Wakala wetu, ambaye simtaji, alikuwa amesema hakuna atakayesoma orodha. Wakati wanafungua, siku za kuhifadhi mzigo zikawa zinahesabiwa, na hesabu hiyo haijali kosa ni la nani. Mbaya zaidi, faili la vyeti vyangu na karatasi za pensheni nilikuwa nimelitia kwenye boksi namba 30 pamoja na vitabu. Mfuko wa pensheni ukataka nithibitishe kwamba niko hai, na uthibitisho wangu wote umelala bandarini chini ya kamusi. Karatasi zinasafiri na mwili wako, kwenye mkoba wa mkononi. Dawa vilevile, na barua ya daktari. Na kama una urithi wowote wenye pembe ya ndovu, hata kipande kidogo, usiufiche: biashara yake ya kimataifa ilipigiwa kura ya kupigwa marufuku mwaka 1989, na afisa wa forodha hakuulizi kama ilikuwa ya babu.

Bima kateni. Wengi hawajui kwamba meli ikipata balaa, wenye mizigo wanaweza kudaiwa kuchangia gharama za kuiokoa hata kama mizigo yao haikupata mkwaruzo. Meli ya Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez Machi 2021, siku 6, mwenye meli alidai mchango huo. Meli ikashikiliwa Misri hadi Julai. Ndani ya meli ile ya makontena zaidi ya 18,000, fikiria aliyekuwa na magodoro yake humo. Na usiahidi mtu tarehe. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzunguko huo hauhesabiwi kwa siku 1 au 2.

Haki ya mzee nimpe. Nilipigana naye juu ya sanduku la vifaa vyake: spana, misumeno, nyundo 3, kilo za chuma. Nilisema vitu hivyo vinauzwa kila mahali duniani. Ni kweli vinauzwa. Lakini mwaka wa 3 jirani wa upande wa pili wa ukuta alimwona ameinama kwenye bomba la nje na lile sanduku liko wazi, akauliza kama anaweza kuazima spana. Siku ya pili akarudi na baiskeli. Ile ile isiyo na mnyororo ya kwetu nayo ikapata mnyororo. Katika kontena zima, hilo ndilo lililofanya kazi ya kutujulisha kwa watu, na mimi ndiye niliyetaka libaki.

Kwa hiyo sitasema chukua picha na vyeti peke yake. Nitasema chukua kile ambacho mikono yako inajua kukifanyia kazi. Vya kukaliwa, vya kulaliwa na vya kuchomekwa, gawa ukiwa bado upo uone vinakwenda kwa nani. Sisi viti 8 tuliishia kuwapa watu tusiowajua, kupitia tangazo, na kuna mpwa wangu mpaka leo ananiambia, "Shangazi, ungeniachia mimi."

Mwenzangu amenisikiliza yote hayo, kisha akauliza kuhusu cherehani yake ya kukanyaga. Nzito, ya chuma, ya zamani. Nimemwambia, dada, makochi waachie watoto, friji uza, lakini cherehani ipande. Haiulizi volti ngapi. Na mapazia yangu 14 bado ni marefu.