Mtaa Aliokulia Msichana na Afya Yake Ukubwani: Ni Mtaa au Ni Mfuko?

Kila inapotajwa afya ya wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, kama Korogocho, Mathare au Mukuru, wachambuzi hugawanyika. Kuna wanaosema mtaa ndio unaoumiza: moshi, choo cha mbali, taka, hofu ya usiku. Wengine hujibu kwamba mtaa unasingiziwa. Kwao kinachoumiza ni ufukara wa nyumbani na masomo yaliyokatika, na mama akipata kipato kizuri binti zake watakuwa na afya hata wakibaki pale pale. Sasa kwa kuwa kila mwenye mshahara anakatwa ushuru wa kujengea nyumba za bei nafuu, jibu linatuhusu sote.

Hoja ya mfuko, yaani kipato, si ya kupuuzwa. Ukilinganisha waliokulia Mathare na waliokulia Muthaiga, mtaa wa matajiri ng'ambo tu ya Barabara ya Thika, hujapima mtaa. Umepima mshahara wa wazazi, kisomo cha mama, shule, bima na chakula, vyote kwa mpigo. Wastani wa kaunti nao unaficha mengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini Kenya wamewahi kushika mimba, na Nairobi ikaonekana iko chini ya kiwango hicho. Hesabu hiyo imewaweka wenye nacho wa Kileleshwa na wa mabanda ya Kibera kwenye safu moja, kwa hiyo haimwambii afisa wa afya lolote kuhusu kijiji kimoja cha Kibera.

Tena wasichana wengi wa jiji hili hawana mtaa mmoja wa ujana. Mtoto huzaliwa Viwandani, hupelekwa ushago kwa nyanyake, hurudi akikaribia sekondari, kisha kodi inapanda na familia inahamia ploti nyingine. APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, ambacho kimefuatilia kaya za Korogocho na Viwandani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kinakuta tofauti hata kati ya mitaa hiyo miwili: Viwandani hupokea vijana wanaofuata kazi za viwandani, huku Korogocho ikiwa na familia zilizokaa muda mrefu. Kumuuliza mwanamke wa miaka 40 alikulia wapi, kisha kuandika jina moja, ni kuuharibu utafiti siku ya kwanza. Andika kila mahali alipokaa zaidi ya miezi 6 hadi alipotimiza miaka 18, umri wake alipoingia na kutoka, maji yalitoka wapi, choo kilikuwa umbali gani, na walipikia nini.

Ushahidi mzito zaidi wa upande wa mtaa umetoka mbali, Marekani, na unafaa kusomwa kwa makini. Kati ya 1994 na 1998, takriban familia 4,600 zilizoishi kwenye nyumba za umma katika miji mitano ziliingizwa kwenye bahati nasibu. Baadhi zilipewa vocha ya kodi ya kuhamia mitaa isiyo na umaskini mwingi, nyingine hazikupewa. Baada ya miaka 10 hadi 15, wanawake waliopewa vocha hiyo walikuwa na unene uliokithiri na kisukari kwa kiwango cha chini, kwa tofauti ya takriban pointi 3 hadi 5 za asilimia. Kipato chao hakikubadilika kwa namna ya kutajika. Hapo ndipo hoja ya mfuko inapoyumba: mwili ulibadilika, mshahara haukubadilika. Wasichana waliohama walipata nafuu ya akili, lakini wavulana hawakupata, na baadhi ya matatizo yao yaliongezeka. Na kwa upande wa kipato cha ukubwani, watoto waliofaidika ni waliohama kabla ya kutimiza miaka 13.

Je, tuwahamishe watu basi? Kuhama kwa hiari na vocha mkononi si sawa na kubomolewa. Mei 2024, baada ya mafuriko, nyumba za kando ya mto Mathare ziliangushwa, na pamoja nazo zikaenda chama cha kuweka akiba, jirani anayekuangalizia mtoto, na shule iliyo karibu. Hivyo navyo ni afya. Hata uhamisho uliopangwa una mitego. Familia za Soweto Mashariki, Kibera, zilipohamishiwa nyumba za muda Lang'ata mwaka 2009, kaya kadhaa zilijazana kwenye nyumba moja ili kumudu gharama, na wengine walipangisha vyumba vyao wakarudi mabandani. Anwani ilibadilika, msongamano ukabaki.

Kwa maoni yangu, swali lenyewe limeulizwa vibaya. Mtaa si dawa moja wala sumu moja. Una vitu mahususi vinavyoingia mwilini katika umri mahususi, na madini ya risasi ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 2007, uchunguzi wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kuhusu jaa la taka la Dandora, Nairobi, uliwapima watoto na vijana 328 wa miaka 2 hadi 18, na nusu yao walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi kwa kila desilita ya damu. Risasi hujificha mifupani kwa miongo. Msichana akishika mimba, mwili huchota kalisi mifupani kujenga mifupa ya mtoto, na risasi hutoka nayo. Hutoka tena hedhi inapokoma. Huchangia shinikizo la damu, na hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mwanamke huyo anaweza kuwa amehamia Kitengela miaka 15 iliyopita na ana kazi nzuri. Mfuko haumsaidii isipokuwa mtu ajue kumuuliza alikulia wapi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito mwenye mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu, ambaye hapati kalisi ya kutosha, aongezewe kalisi. Kliniki ya wajawazito inaweza kuanza na swali moja tu.

Choo, kwa upande wake, kinaonyesha mfuko na mtaa vikifanya kazi pamoja. Watu watano wa nyumba moja wakilipa choo cha umma shilingi 10 kila mmoja, mara moja kwa siku, ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Msichana aliye kwenye hedhi anahitaji kwenda mara nyingi na kila safari ni pesa, kwa hiyo anapunguza kunywa maji na kubana mkojo, na maambukizi ya njia ya mkojo yanamrudia. Pesa zitapunguza hilo. Lakini pesa haziweki taa wala kufuli kwenye choo kilicho mita 100 kutoka mlangoni saa nne usiku, na ripoti ya Amnesty International ya 2010 ilieleza wazi jinsi wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi wanavyoshambuliwa wakienda chooni.

Nyumba za bei nafuu za Mukuru zilizoanza kukabidhiwa 2025 zinatupa nafasi ya kupima haya hapa nyumbani: wasichana waliohamia dhidi ya wenzao walio bado kwenye orodha ya kusubiri, wakigawanywa kwa umri. Wahudumu wa afya ya jamii wana mashine za presha tangu 2023. Makosa ya kuepuka yanajulikana. Kitambaa kidogo cha presha kwenye mkono wenye mzingo wa zaidi ya sentimita 32 huonyesha presha ya juu isiyokuwepo. Kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hupanda kwa uongo mwanamke akipungukiwa na madini ya chuma, na hushuka kwa uongo akiwa na selimundu, kwa hiyo damu ipimwe wingi wake kwanza. Na vipimo vya kwanza vichukuliwe kabla funguo hazijatolewa.